Hilux 4x2: mipira ya inchi 31 na kunyanyua sentimeta 10, inaingia kweli?

Mazuti_Bukavu

Habari za wakubwa. Gari ni Hilux 4x2, kabini moja, injini ya mazuti iitwayo 2L, isiyo na turbo, mbele bari za torsioni (vyuma vya kujisokota badala ya resori), nyuma lame (resori za bamba). Mipira iliyoko ni 205/70R15C kwenye jante za chuma za inchi 6. Njia yake ni Bukavu–Walungu mpaka Burhale, mara nyingine Kavumu na Katana. Inaenda karibu tupu, inarudi na mihogo, maharagwe na makala, kilo 700 mpaka 800.

Shida ni mbili. Tumbo la ponti ya nyuma (ekseli) linasugua tuta la katikati pale malori yamechimba mifereji. Halafu mvua ikinyesha mpira mmoja wa nyuma unazunguka bure na gari inakaa palepale.

Kuna muuzaji ana seti ya kunyanyua ya sentimeta 10 iliyotolewa kwenye 4x4, pamoja na jante na mipira 31x10.5R15. Fundi wa kwanza anasema yote inaingia kwa siku moja. Wa pili anataka kukata gardebu (bati la juu ya gurudumu). Naomba vipimo, si "itaenda tu". Sitaki kulipa mara mbili.

Fundi_Birere (Goma)

Mukubwa, hiyo seti iache kwa mwenyewe. Kabla hata ya kufika kwenye kunyanyua, hesabu bulo za gurudumu lako. 4x2 nyingi za zamani zina bulo 5 kwenye duara la mm 114.3. Jante za 4x4 zina 6 kwenye duara la mm 139.7. Hazitaingia. Mtu akikuambia anazo sahani za kubadilisha kutoka 5 kwenda 6, ujue anataka kuusogeza mpira nje na kuutwika mzigo wote kwenye rulmani ndogo za 4x2. Na vyuma vya mbele vya 4x4 vimetengenezwa kwa mikono na shasi za 4x4. Kwako havina pa kukaa.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi: kunyanyua shasi hakupandishi ponti hata milimita moja. Ponti ya nyuma imekaa kwenye mipira. Unaweza kuweka sentimeta 20 juu ya lame, tumbo la ponti litaendelea kulima tuta lile lile. Kinachopandisha ponti ni kimo cha mpira peke yake, tena nusu tu ya tofauti ya kimo. Kazi ya kunyanyua ni kuupa mpira nafasi, na kuinua parshoki (bampa) na tumbo la gari.

Hesabu ya kimo: upana mara asilimia, mara mbili, jumlisha jante (inchi 15 ni mm 381). 205/70R15 yako inatoa mm 668. 215/75R15 inatoa karibu mm 704, kwa hiyo ponti inapanda mm 18. 235/75R15 inatoa mm 733, ponti inapanda mm 33. 31x10.5 ikiwa imejazwa upepo inakaribia mm 775, ponti inapanda zaidi ya mm 50. Inavutia, lakini bei yake ni hii.

Mpira mkubwa ni sawa na kubadilisha meno ya ponti kwenda upande mbaya. Tuseme ponti yako ni 4.1, yaani kardani (shafti ya kwenda ponti) inazunguka mara 4.1 magurudumu yote mawili yakizunguka mara 1. Na 235/75 inakuwa kama 3.73. Na ile 31 inakuwa kama 3.53. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda juu ya bahari, na Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460. Ina maana kabla hujaondoka Bukavu 2L yako imeshaacha karibu asilimia 15 njiani. Ukiongezea 31 na mihogo, vitesi ya kwanza itakuwa ndefu kwa karibu asilimia 16, na ambreyaji (klachi) ndiyo itakayolipa. Utainusa kabla hujaiona.

Kujua ponti yako bila kuifungua: zima gari, weka vitesi huru, kabari mbele na nyuma ya mipira ya mbele, nyanyua gurudumu moja tu la nyuma, lingine libaki chini. Piga chaki kwenye kardani. Zungusha gurudumu lililo juu mizunguko 2 kamili, mwenzako ahesabu kardani. Ikizunguka mara 4 na kidogo kabisa ni 4.1. Ikifika 4 na nusu ni 4.556, na hapo 235/75 inakuwa jambo la kuongea.

Jante za inchi 6: 215/75 inakaa vizuri, 235/75 inakaa lakini ndiyo mwisho wake. 10.5 inataka jante kuanzia inchi 7. Ukiilazimisha kwenye 6 inajikunja katikati, inakulika mstari wa kati tu, na siku ukiipunguza upepo inaruka nje ya jante.

Maoni yangu kwa mzigo wako na injini yako: 215/75R15, yenye namba ya mzigo isiyo chini ya hiyo ya C (mpira wa mzigo) uliyonayo, na meno makubwa. Kunyanyua mm 30 hadi 40, si zaidi.

Lame_Lushi (Lubumbashi)

Yaya wa Birere amesema kweli kuhusu mipira. Naongeza upande wa mbele, maana hapo ndipo watu wanaharibu gari kwa kle moja.

Bari ya torsioni unainyanyua kwa bulo ya kukaza iliyo nyuma ya bari, chini ya travesi. Ukikaza, gari inapanda. Bari haiwi ngumu zaidi wala haina uwezo zaidi, umebadilisha tu mahali mkono unapokaa. Na kila milimita unayopanda unaikata kwenye nafasi ya gurudumu kushuka shimoni.

Kwanza pima. Gari iwe tupu, mahali tambarare, mipira ina upepo sawa. Pima kutoka katikati ya jante mpaka ukingo wa gardebu, pande zote nne, andika. Pima pia nyuzi za bulo zinazoonekana kushoto na kulia. Mara nyingi haziko sawa, usishangae, bari huchoka tofauti. Nyanyua mbele kwa kriki, weka shandele (vigingi vya chuma) chini ya shasi, magurudumu yaning'inie. Bulo isikazwe gari ikiwa imekaa juu ya mipira: inakula nyuzi, na kutu ya miaka inakatika mkononi mwako. Mafuta ya kulainisha usiku wa kuamkia kazi.

Kaza mizunguko 2 kila upande, shusha gari, isukume mbele na nyuma mita 5 hivi, ikandamize mbele mara tatu, ndipo upime. Ukipima mara tu baada ya kuishusha utadanganyika, kwa sababu mipira imekaa imejibana ndani na gari inasimama juu kuliko ukweli. Rudia mpaka ufike mm 30.

Pa kusimama ni hapa: angalia ule mpira mdogo unaozuia mkono usishuke zaidi. Gari ikiwa imesimama tupu, kati ya huo mpira na chuma kibaki angalau kidole kimoja na nusu. Ikibaki unene wa shilingi, kila shimo litagonga kama nyundo, rotile (viungo vya mikono ya gurudumu) zitakufa mapema, na gurudumu litaruka pale lilipopaswa kufuata ardhi. Hiyo si gari iliyonyanyuliwa. Ni gari isiyo na suspansio.

Nyuzi zikiisha kabla ya kimo, usitafute bulo ndefu. Bari ina meno kwenye mwisho wake. Unalegeza bulo mpaka nguvu yote iishe, unapiga alama kwa ponso, unatoa ule mkono mdogo na kuurudisha jino moja mbele. Gari iwe imening'inia, na uso wako usiwe kwenye mstari wa ule mkono. Ile bari ina nguvu ya kuvunja taya.

Amortiseri (shokabzoba): fungua bulo ya chini, acha mkono ushuke mpaka uguse kizuizi chake. Amortiseri ikivutwa kwa mkono iweze kufika hapo na ibaki na sentimeta 1 ya ziada. Isipofika, yenyewe ndiyo imekuwa kizuizi, na utaanza kubadilisha amortiseri kila miezi mitatu huku ukilaumu muuzaji. Angalia pia mpira wa freni (wa kupitisha mafuta) usiwe umetandaa kama kamba ya nguo, usukani ukiwa umekatwa mwisho kushoto, halafu kulia.

Baada ya hapo paralelizimu (kunyoosha magurudumu ya mbele), bila mjadala. Mbele ikipanda, sehemu ya juu ya mipira inaegemea nje na vidole vya magurudumu vinageuka. Bila mashine: piga mstari wa chaki katikati ya kila mpira, pima umbali kati ya mistari mbele ya mipira na nyuma yake, kwa kimo cha katikati ya jante. Mbele iwe fupi kwa mm 1 hadi 2. Hiyo inakufikisha kwenye mashine, haichukui nafasi yake. Ukiona mpira unakulika bega la nje tu, ni ule mwegemeo. Unasahihishwa kwa vibati vya kipimo kwenye mkono wa juu, kama gari yako inavyo.

Mazuti_Bukavu

Aksanti sana wakubwa. Nimehesabu kardani: mizunguko 4 na kama sehemu ya kumi. Basi ni 4.1, na 31 nimeisahau. Nyuma nifanye nini? Fundi anasema vipande vya mti mgumu kati ya ponti na lame, au jumele ndefu (kiungo cha kuning'iniza lame kwenye shasi). Je, niweke na espasa (sahani za kusogeza jante nje) ili mipira isiguse ndani?

Fundi_Birere (Goma)

Mti hapana. Mti unakunywa maji, unakauka, unapungua. Bride (vyuma vya U vinavyofunga ponti kwenye lame) zinalegea bila wewe kujua, na siku moja ponti inateleza nyuma ukiwa kwenye mteremko na kilo 800. Zege hapana pia, kama kuna mwenye wazo hilo.

Njia ziko tatu na kwa anayebeba mzigo hazilingani. Jumele ndefu inatoa nusu tu: ukiongeza mm 50 kwenye jumele gari inapanda mm 25, gari inayumba kwenye kona, na pua ya ponti inageuka juu. Bloku ya chuma inatoa kimo chake chote na ni kazi ya nusu siku, lakini haiongezi nguvu ya lame. Tena inaipa ponti mkono mrefu wa kuzikunja lame ukiondoka kwa nguvu. Kwako wewe ni lame ya kuongeza. Inanyanyua na inabeba.

Namna ya kuiweka: gari juu ya shandele za shasi, ponti ishikiliwe na kriki nyingine. Toa amortiseri chini, toa bride. Bana fungu la lame kwa serijoa (vibanio vya skrubu) mbili, moja kila upande wa bulo ya katikati, kabla hujaigusa hiyo bulo. Bila serijoa lame zinafunguka kama kisu cha kukunja. Lame mpya inaingia kwa mpangilio wa urefu, ndefu juu, fupi chini. Bulo ya katikati iwe mpya na kichwa chake kitoshe kwenye tundu la ponti bila kucheza. Hicho kichwa ndicho kinachozuia ponti isihame, bride zinabana tu. Bride za zamani usizirudishe: zimeshavutika, na kwa unene mpya hazifiki. Agiza kwa turneri zenye kipenyo kile kile, ndefu kwa unene wa lame, na baada ya karanga zibaki nyuzi 3 au 4. Kaza kwa msalaba kidogokidogo, na kukaza kwa mwisho gari iwe imekaa chini juu ya mipira yake.

Kitu ambacho mafundi wengi wanaruka, na mimi ndicho ningekagua kwanza: fuata kifimbo kinachotoka kwenye ponti kwenda kwenye kivalvu kwenye shasi. Hilux nyingi zinacho. Kivalvu hicho kinapima mzigo kwa umbali kati ya shasi na ponti. Ukinyanyua nyuma, kinaamini gari ni tupu daima na kinapunguza freni za nyuma. Unashuka na mihogo, disiki za mbele zinafanya kazi ya gari nzima, zinachemka, na pedali inaanza kuzama. Dawa ni kuinua kishikizo cha kifimbo kwenye ponti kwa kimo kile kile ulichonyanyua gari tupu, kwa kipande cha bati nene na bulo mbili. Usikikunje kifimbo.

Ukiona nyuma inatetemeka wakati wa kuondoka gari ikiwa tupu, ni pembe ya kardani. Simu yenye programu ya kupima mlalo inatosha: pima mwelekeo wa mwisho wa bwati (sanduku la gia), pima pua ya ponti. Vinapaswa kulala sambamba. Tofauti ikizidi digrii 2, weka kabari ya chuma kati ya lame na ponti. Upande mnene ukikaa nyuma, pua inapanda. Ukikaa mbele, inashuka. Kama kardani ni ya vipande viwili, mara nyingi rondele za mm 5 hadi 10 za kushusha rulmani ya katikati zinamaliza jambo bila kabari.

Espasa: kwa 215/75 huzihitaji. Badala yake fanya jaribio la matope. Paka gardebu ndani, kona ya parshoki na mkono wa ndani kwa tope laini au chaki. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya tofali ngumu mbili au kingo ya barabara ili libanwe juu, kata usukani mwisho, rudi, kata upande wa pili. Mahali pote tope limefutika ndipo mpira unagusa. Kwa kawaida ni nyuma ya gardebu, kwenye ule mshono wa bati karibu na mguu wa dereva. Mshono unalazwa kwa nyundo na kupakwa rangi. Kukata ni kwa mtu aliyelazimisha 31.

Dada_wa_Minova

Kaka, kila mtu anakupa kimo, hakuna aliyegusa shida yako ya pili. Gari inakaa kwa sababu diferansieli ya kawaida inagawa nguvu sawa pande mbili, na upande unaoteleza ndio unaoweka kiwango. Mpira mkubwa haubadilishi hilo. Nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, zungusha moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, unayo ya kawaida. Likienda upande mmoja na la kwanza, unayo ya kujibana, na inataka mafuta yake maalum.

Kwa ya kawaida, ukiwa umeanza kuteleza vuta freni ya mkono meno 2 au 3 huku unatoa gazi pole. Gurudumu linalozunguka bure linapata kizuizi na nguvu inavuka kwenda la pili. Achia mara gari inapotoka, usiendeshe nayo. Freni ya mkono iwe imerekebishwa sawasawa pande zote, la sivyo inasaidia upande usiohitaji.

Ukienda tupu, weka mifuko 3 ya mchanga ya kilo 50 juu ya ponti kabisa. Ukiiweka kwenye mlango wa nyuma, mbele inakuwa nyepesi na usukani haushiki kitu. Ifunge kamba.

Tope la Walungu ni la mfinyanzi juu ya ardhi ngumu. Mpira mwembamba wenye meno yaliyoachana unalikata na kufika chini. Mpana unaogelea juu yake. Ndiyo maana 215 si adhabu. Upepo: mzigo wa kilo 800, nyuma kilo 3 (bar) na zaidi kidogo kwa mpira wa C, soma kikomo ubavuni. Tupu kwenye tope shuka mpaka 1.5, mwendo chini ya 30, ukifika lami ujaze. Lakini ukija huku kwetu kuelekea Sake na Goma, usishuke hivyo. Mawe ya volkano yanakata ubavu, si uso wa mpira, na ubavu uliolegea unatokeza nje kuyapokea. Mkato wa ubavu hauzibwi.

Kwenye mipira ya okazio (iliyotumika) tafuta tarakimu 4 za mwisho baada ya DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Meno mazuri kwenye mpira wa miaka 10 ni mapambo. Kunja ubavu, ukiona nyufa ndogo kama za tope lililokauka, rudisha.

Kadutu_RAV

Samahani kuingilia. Na RAV4 ya 1.8 inayovuta mbele tu? Nina 215/70R16.

Lame_Lushi (Lubumbashi)

Mdogo wangu, hiyo ni hadithi nyingine. Mbele una nguzo (resori na amortiseri pamoja), si bari. Kipande cha chuma cha mm 25 juu ya nguzo, 30 ndiyo mwisho, nyuma kiasi hicho hicho. Ukizidisha, kardani za magurudumu zinafanya kazi kwenye pembe kali: soksi (mipira inayozifunika) zinapasuka, grisi inaruka, halafu tiki-tiki kwenye kona. Mpira 225/70R16 unaongeza mm 14 za kimo, yaani 7 tu chini ya gari. Pima kwanza nafasi kati ya mpira na sahani ya resori ya nguzo, kidole kipite. Pesa iliyobaki weka bati la kukinga karteri (tangi la mafuta ya injini). Kwa gari hiyo litakusaidia kuliko hizo mm 7.

Mazuti_Bukavu

Nimeelewa. 215/75R15 za meno, lame moja nyuma, mm 30 mbele, na kishikizo cha kifimbo. Kilomita za kwanza niangalie nini?

Fundi_Birere (Goma)

Bride baada ya kilomita 100 zenye mzigo, tena baada ya 500. Utashangaa zitakavyokubali robo ya mzunguko. Karanga za magurudumu baada ya 50. Taa za mbele zishushe, sasa zinawapiga wenzako machoni. Na kaunta inadanganya: ikisoma 60 uko 63, na kilomita za vidanje pia zinahesabiwa pungufu kwa karibu asilimia 5. Kama unabadilisha mafuta kila 5,000, badilisha ikisoma 4,750.